Sifa za kitu chenyewe na sifa za uhusiano zisichanganywe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu ninaposoma kurasa za kilimo, elimu na afya, si katika gazeti lako pekee bali katika magazeti yetu karibu yote. Ukurasa wa kilimo unatuambia kwamba mbegu fulani ya mahindi ni bora. Ukurasa wa elimu unatuambia kwamba mwanafunzi fulani ana akili kwa kuwa ameshika nafasi ya kwanza. Ukurasa wa afya unatuambia kwamba mgonjwa mmoja wa surua huambukiza watu kadhaa, kana kwamba idadi hiyo imeandikwa ndani ya kirusi. Kauli zote tatu zina kasoro moja: zinakibebesha kitu kimoja sifa ambayo kwa hakika iko kati yake na vitu vingine, na hivyo vingine havitajwi.

Wanafalsafa wamelitafakari jambo hili kwa karne nyingi, na kiini chake hakihitaji elimu ya juu kueleweka. Sifa ya kitu chenyewe ni ile ambayo kitu kingebaki nayo hata vitu vingine vyote vikiondolewa, au vikibadilika, na chenyewe kikaachwa kama kilivyo. Sifa ya uhusiano ni ile inayoweza kuja au kutoweka bila kitu chenyewe kuguswa. Mwanafalsafa Mgiriki Socrates alipokunywa sumu katika gereza la Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, mkewe Xanthippe alikuwa ameshaondolewa na kupelekwa nyumbani. Bado, dakika ile mumewe alipokata roho, yeye akawa mjane, ingawa hakuna unywele wala tone la damu lililobadilika mwilini mwake wakati huo, na yeye mwenyewe hakuwa na habari. Ujane ni jambo la kweli na lina matokeo mazito katika maisha ya mtu, lakini haumo ndani yake kama damu yake ilivyomo. Nasisitiza kwamba sifa ya uhusiano ni ya kweli, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kusema jambo fulani ni la uhusiano ni sawa na kusema halipo.

Nimefundisha fizikia katika shule za Nyanda za Juu Kusini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukichemsha maji maabara na kutumbukiza kipimajoto kizuri, zebaki hupanda hadi karibu nyuzi 94 za Selsiasi, kisha husimama hapo, hata ukiongeza moto kiasi gani. Nimewaona wanafunzi wakiinama, wakisoma 94 kwa macho yao wenyewe, kisha wakaandika 100 katika madaftari yao, kwa sababu kitabu kinasema kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Kitabu hakikudanganya, kilikatisha sentensi kabla haijafika mwisho. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake, na kwa hiyo nyuzi 100 si sifa ya maji peke yake bali ni sifa ya maji yakiwa chini ya hewa ya pwani. Maji yaleyale yakipelekwa kileleni Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, yatachemka karibu na nyuzi 80. Mama anayepika maharage Makete hutumia kuni nyingi kuliko mwenzake wa Tanga, hata kama maharage yametoka gunia moja. Hilo si kosa la maharage wala la mpishi.

Uzito nao uko hivyohivyo. Mtu mwenye tungamo, yaani kiasi cha maada mwilini mwake, la kilo 60 huvutwa na dunia kwa nguvu ya takriban niutoni 588 (niutoni ni kipimo cha nguvu). Akipelekwa mwezini, ambako uvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu, nguvu hiyo hushuka hadi karibu niutoni 97. Uzito uko kati yake na dunia au mwezi anaoukanyaga. Tungamo lake halijapungua hata chembe, na ndiyo maana walimu wa fizikia hulitaja tungamo kama mfano wa wazi kabisa wa sifa ya kitu chenyewe.

Hapa, Mhariri, pana kisa ambacho naona kila mwanafunzi wa sayansi angepaswa kukijua. Kuanzia mwaka 1889 dunia nzima ilikubaliana kwamba kilo moja ni tungamo la kipande kimoja cha aloi (mchanganyiko wa metali) ya platini na iridi kilichohifadhiwa chini ya vifuniko vya kioo huko Sèvres, karibu na Paris. Nchi nyingi zilipewa nakala zake, na nakala hizo zilirudishwa Ufaransa mara chache sana kulinganishwa na kile cha asili. Matokeo yalionyesha kwamba katika kipindi cha karibu karne moja, nakala nyingi na kipande cha asili vilikuwa vimetofautiana kwa wastani wa mikrogramu kama 50, yaani sehemu 50 za milioni za gramu moja. Sasa swali: ni kipi kilichobadilika? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu kwa makubaliano yenyewe kipande cha Sèvres kilikuwa kilo moja daima. Kama ndicho kilichopungua, basi kwa hesabu za vitabu kila kitu kingine duniani kilikuwa kimeongezeka, pamoja na milima na watu. Sifa tuliyoiita ya kitu chenyewe tulikuwa tumeipima kwa uhusiano na kitu kimoja kilichofungiwa chumbani. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inafafanuliwa kwa namba ya Planck, namba isiyobadilika ya fizikia, ambayo ni ileile katika kila maabara na kwenye kila nyota, na hivyo hakuna tena haja ya kusafiri kwenda Ufaransa kuuliza kilo ni nini. Nakitaja kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha kwamba hata pale sifa ilipo ya kitu chenyewe, kuipima bila kutegemea kitu kingine ni kazi ngumu iliyowachukua mabingwa wa vipimo miaka 130.

Ubishi juu ya mahali na mwendo ni wa zamani zaidi. Mwaka 1715 na 1716 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz aliandikiana barua na Mwingereza Samuel Clarke, aliyekuwa akimtetea mwanafizikia Newton. Leibniz alishikilia kwamba nafasi, yaani mahali ambamo vitu vimo, si kitu kinachojitegemea, bali ni mpangilio wa vitu kwa kulinganishwa vyenyewe kwa vyenyewe; Clarke alishikilia kwamba nafasi ipo hata kama hakuna kitu ndani yake. Kifo cha Leibniz mwezi Novemba 1716 kilikatiza barua hizo bila suluhu. Einstein, mwaka 1905, aliongeza katika kundi la mambo ya uhusiano vitu ambavyo wengi hawakuvidhania: urefu wa fimbo, na hata kutokea kwa matukio mawili kwa wakati mmoja, hutegemea mwendo wa anayepima. Lakini nadharia hiyohiyo inasema pia kwamba kasi ya mwanga ni ileile kwa wapimaji wote, na chaji ya elektroni ni ileile kwa wote. Wanaosema kwamba Einstein alifundisha kuwa kila kitu kinategemea mtazamo wa mtu wamesoma nusu tu ya somo.

Nimezungumzia sifa, sasa niseme juu ya modeli, yaani picha za kihesabu ambazo wataalamu huzitumia kueleza mambo. Modeli isiyo ya uhusiano ni ile inayokichukulia kila kitu kana kwamba kiko peke yake, na inayopata jumla kwa kujumlisha tu. Mfano ulio safi kuliko yote uko katika mtaala wa kidato: kanuni ya gesi kamili. Kanuni hiyo inazichukulia molekuli kama vijidude visivyo na ukubwa, visivyovutana wala kusukumana. Kwa hewa ya kawaida inafanya kazi vizuri ajabu, na sioni sababu ya mtu kuidharau. Ila mpe mwanafunzi mtungi wa gesi ya kupikia autikise kidogo, naye atasikia kimiminika kikicheza ndani. Gesi kamili haiwezi kuwa kimiminika, haidhuru uigandamize au uipoze vipi, kwa sababu molekuli zisizovutana hazina kitu cha kuzishikanisha. Johannes van der Waals, Mholanzi, katika tasnifu yake ya mwaka 1873 aliingiza katika kanuni hiyo mambo mawili, nafasi inayochukuliwa na molekuli zenyewe na mvuto uliopo kati yao, na hapo ndipo hesabu ikaanza kueleza jinsi gesi inavyogeuka kuwa kimiminika. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Kila propani na butani iliyomo kwenye mitungi inayouzwa mitaani kwetu ni ushahidi kwamba uhusiano kati ya molekuli upo, na kwamba modeli inayouacha nje ina mpaka wake.

Katika elimu ya magonjwa ya mlipuko mpaka huo unagusa uhai wa watu. Mwaka 1927 watafiti Kermack na McKendrick, wakiwa Scotland, walitoa milinganyo inayowagawa watu katika makundi ya wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliokwisha kupona au kufa. Katika umbo lake rahisi modeli hiyo inachukulia kwamba kila mtu ana uwezekano sawa wa kukutana na kila mtu mwingine. Kutokana na modeli za aina hiyo tunapata ile namba ya msingi ya maambukizi, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza pale ambapo hakuna mwenye kinga, ambayo kwa surua hutajwa mara nyingi kuwa kati ya 12 na 18. Namba hiyo haimo ndani ya kirusi. Imo kati ya kirusi, idadi ya watu ambao mgonjwa hukutana nao kwa siku, na muda anaokaa nao. Bweni lenye vitanda vya ghorofa vilivyobanana litatoa namba moja. Maboma ya wafugaji yaliyotawanyika katika tambarare yatatoa nyingine, kwa kirusi kilekile kisichobadilika hata kidogo. Wakati wa janga la UVIKO-19 magazeti yalichapisha namba hizo kila wiki kama mtu anayetaja rangi ya gari, na wasomaji wakadhani kwamba pakitajwa namba kubwa kirusi kimekuwa kikali, na ikitajwa ndogo kimepoa, ilhali mara nyingi kilichobadilika kilikuwa ni mwenendo wa watu.

Hata hivyo, mfano unaonigusa kuliko yote ni wa hapahapa Afrika Mashariki, na nasikitika kwamba haufundishwi kwa uzito unaostahili. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisoma Oxford, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya, na katika safari hiyo alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba kinasaba cha selimundu kilikuwa cha kawaida sana pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi kilikuwa adimu. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto aliyerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Aliyekirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu, wenye maumivu ambayo familia nyingi za Tanzania zinayajua kwa karibu mno, kwani nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa nao.

Sasa tuulize: je, kinasaba hiki ni kizuri au kibaya? Kuna jambo ndani yake ambalo ni lake lenyewe. Mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha kwamba tofauti ya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya selimundu na ya kawaida ni asidi amino, yaani kijenzi cha protini, moja tu: katika mnyororo wenye asidi amino 146, ile ya nafasi ya sita, ambayo kwa kawaida ni asidi ya glutamiki, imegeuka kuwa valini. Tofauti hiyo ni ileile mtoto awe Muheza, Kisumu au Chicago. Lakini uzuri na ubaya wake haumo katika valini. Kwa aliyekirithi kutoka kwa mzazi mmoja na anayeishi palipo na mbu wa malaria, kinasaba ni ngao. Akihamia penye baridi kali na pasipo malaria, ngao hiyo haina kazi. Hata madhara ya ugonjwa wenyewe ni ya uhusiano, kwani molekuli moja ya hemoglobini hiyo ikiwa peke yake haiharibu kitu. Oksijeni inapopungua, ile valini hunasa katika kitundu kilichopo kwenye molekuli ya jirani, na hiyo ya jirani kwenye nyingine, mpaka zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda seli nyekundu ikawa kama mundu. Nimewahi kusikia wazee wakisema juu ya ukoo wenye wagonjwa hawa kwamba damu yao ni mbovu. Laiti tungewaambia, kwa ushahidi uliokusanywa katika ardhi yetu wenyewe, kwamba damu hiyohiyo ndiyo iliyowavusha babu zao katika mabonde ya homa.

Wataalamu wa kompyuta nao wamekutana na swali hili, ingawa kwa sura nyingine, nami nitaligusa kwa kifupi tu. Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipendekeza kwamba kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ndani ya kompyuta, ipangwe kwa majedwali, kila habari iandikwe mahali pamoja tu, na majedwali yaunganishwe kwa namba za utambulisho. Utaratibu huo ndio unaoendesha benki nyingi na ofisi nyingi hadi leo. Miaka ya 2000 kampuni kubwa za intaneti, Google na Amazon zikiwamo, zilipokuwa na data zilizotawanyika katika maelfu ya mashine, zilitengeneza kanzidata zisizofuata modeli hiyo, na katika aina moja ya kanzidata hizo kila rekodi hubeba ndani yake kila inachohitaji. Faida yake ni kwamba faili la mgonjwa huja lote kwa mara moja. Hasara yake ni kwamba jina la kata likibadilishwa, lazima libadilishwe ndani ya kila faili, na faili moja likisahauliwa, mgonjwa huyo anabaki akiishi katika kata ambayo haipo tena. Anayechagua aina ya kanzidata kwa ajili ya zahanati au halmashauri anachagua pia ni mahusiano gani yatatunzwa na yapi yataachwa yajipoteze, na uamuzi huo usiachiwe fundi peke yake.

Nirudi shuleni, kwa kuwa ndiko ninakokujua. Mwanafunzi aliyekuwa wa tatu katika darasa la watu 40 akichaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu, anaweza kujikuta wa 35. Mzazi anapokea ripoti, anasoma 35, anamwita mtoto na kumuuliza akili zake zimekwenda wapi. Hazijaenda popote. Kilichobadilika ni darasa. Yaliyompata mtoto huyu ni yaleyale yaliyompata Xanthippe: amepewa hali mpya bila chochote ndani yake kuguswa. Nafasi darasani ni sifa ya uhusiano mtupu, kwa maana kwamba haiwezekani watoto wote wakapanda kwa pamoja hata kama wote wamejifunza mara mbili ya walivyojua mwaka jana. Alama ni afadhali kidogo, kwani wote wanaweza kupanda, ingawa nazo zinategemea ugumu wa mtihani na mkono wa msahihishaji. Kilicho karibu zaidi na sifa ya mtoto mwenyewe ni maelezo ya kawaida: anaweza kusoma aya hii na kuieleza, anaweza kugawanya sehemu, bado hajaweza kupanga hoja. Ripoti nyingi za shule nilizoziona huipa nafasi darasani mstari wa wino mzito na kuyaacha maelezo haya kabisa.

Kwa sababu hiyo niliunga mkono uamuzi wa Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023, wa kuacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Orodha ile ilikuwa ikilinganisha shule inayochagua wanafunzi kwa mtihani wa kujiunga na shule ya kata inayopokea kila mtoto wa eneo lake, kisha ikaandika matokeo ya uteuzi huo kana kwamba ni sifa ya walimu. Nasikitika kuona kwamba baadhi ya magazeti na mitandao bado hujitengenezea orodha hizo yenyewe kila matokeo yanapotoka.

Ulemavu nao umeeleweka upya kwa njia hii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaeleza kwamba ulemavu hutokana na jinsi upungufu alionao mtu unavyokutana na vikwazo vya mazingira na mitazamo ya watu. Tanzania iliridhia mkataba huo, na Bunge likatunga sheria yake mwaka 2010. Miguu isiyotembea ni hali ya mwili wa mtu. Kushindwa kufika kwenye dirisha la malipo lililo ghorofa ya pili katika jengo lisilo na lifti ni jambo lililo kati ya mwili huo na ngazi zile. Fundi anaweza kujenga njia ya mteremko kwa saruji mifuko michache, na ulemavu huo mmoja ukaisha pasipo daktari kumgusa mtu. Tukiandika kwamba fulani hakupata huduma kwa sababu ya ulemavu wake, tumelisamehe jengo.

Ningeishia hapo, msomaji angeweza kudhani kwamba nawataka watu waone uhusiano kila mahali. Hapana. Kuna kosa la upande wa pili, nalo naliogopa zaidi. Waafrika tumejivunia, na kwa haki, mafundisho kwamba mtu ni watu. John Mbiti, msomi wa Kenya, aliyaeleza mafundisho hayo kwa dunia nzima mwaka 1969. Mnigeria Ifeanyi Menkiti akayapeleka mbali zaidi, akasema kwamba utu ni kitu ambacho jamii humpa mtu hatua kwa hatua. Mghana Kwame Gyekye akampinga, akisema kwamba mtu ana utu wake hata kabla jamii haijamkubali. Mimi nasimama na Gyekye. Tukisema kwamba thamani ya mtu iko katika mahusiano yake tu, basi mkimbizi aliyepoteza ukoo wake wote amepoteza thamani pamoja nao, na mtoto mwenye ualbino aliyekataliwa na kijiji chake hana cha kutetea. Tumeona katika nchi yetu jinsi watu wenye ualbino walivyowindwa na kuuawa, na waliowawinda walikuwa wamewaondoa kwanza katika hesabu ya watu. Azimio la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, katika ibara yake ya kwanza, linasema kwamba binadamu wote huzaliwa huru na sawa katika heshima na haki. Neno huzaliwa limewekwa hapo kwa makusudi, maana heshima hiyo haingojei ukoo, cheo wala uraia. Mahusiano ndiyo yanayomlea mtu na kumtajirisha, na hilo silipingi kamwe, lakini haki yake ya kuishi haipimwi kwa mizani ya majirani zake.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi na wahariri, pamoja na wenzangu wanaoandaa mitaala na vitabu vya shule, ni kwamba wajizoeze kumalizia sentensi. Maji huchemka kwa nyuzi 100 chini ya mgandamizo gani? Namba ya maambukizi ilipimwa katika jamii gani? Mtoto amekuwa wa kwanza kati ya nani, na anaweza kufanya nini? Pale sifa inapokuwa ya kitu chenyewe, kama tungamo la jiwe au heshima ya binadamu, waiandike hivyo bila kusitasita. Haya hayahitaji ukurasa wa ziada. Nusu ya mstari inatosha.

Tunaweza kuanza na mahindi, kwa kuwa msimu wa kupanda hausubiri mjadala. Mbegu ya H614 iliyotoka Kitale, Kenya, hustawi katika nyanda za juu zenye mvua ndefu na huchukua miezi sita au zaidi kukomaa. Mbegu ya Katumani, iliyotengenezwa kwa ajili ya maeneo makavu ya Machakos, pia Kenya, hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne na huwahi kabla mvua haijakatika. Mkulima wa Dodoma akiisoma H614 katika orodha ya mbegu bora na kuipanda, atavuna mabua. Na mkulima wa Njombe akipanda Katumani atapata magunia machache kuliko ambayo ardhi yake ingeweza kumpa. Naomba ukurasa wako wa kilimo, kuanzia toleo lijalo la msimu, uandike kando ya kila jina la mbegu mwinuko inakofaa, kiasi cha mvua inachohitaji na siku inazochukua kukomaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Mbeya